Deki Haisomi

Kwa Kiswahili chetu cha nyumbani, deki haichezi diski, inaisoma. "Inasoma?" ndilo swali la mtu aliyesimama mlangoni akisubiri kujua kama akae au aende zake. Na jibu baya kuliko yote ni "haisomi". Sijui nani alilichagua neno hilo, lakini alikuwa karibu sana na ukweli wa mashine yenyewe. Ndani ya deki kuna lenzi na mwanga mwembamba unaofuata mstari mmoja mrefu uliojizungusha kuanzia katikati ya diski kwenda ukingoni. Huko ni kusoma kabisa, neno kwa neno.

Tatizo ni kwamba tukishasema haisomi, lawama tunampa mwandishi. Mtoto akishindwa kusoma gazeti, hakuna anayesema gazeti halina maandishi. Lakini deki ikikataa diski, tunahukumu papo hapo: hii tupu, hii imekufa. Tunaitupa, au tunaitundika shambani ifukuze ndege. Nimeziona nyingi zikizunguka juu ya mashamba ya mpunga, zinameta, na kila mara najiuliza ni harusi ya nani ile.

Nyumbani kwetu Korogwe ilikuwepo moja ya namna hiyo, isipokuwa haikutundikwa. Dada yangu alipoolewa mwaka 2009, sendofu ilifanyika uani, chini ya turubai, na Baba akamkodi mpiga picha za video mmoja wa pale mjini. Simu zetu za wakati ule hazikuwa za kuchukua video ya maana, kwa hiyo kila kitu alikiachiwa yeye. Baada ya wiki akaleta diski mbili kwenye kasha moja. Ya kwanza ilisoma: saluni, magari, wajomba wakishuka kwenye kosta, magari tena, keki. Ya pili, iliyotakiwa kuwa na hotuba na zawadi, deki ikaizungusha kidogo, ikakohoa, ikaandika NO DISC. Tukaijaribu kwa jirani, ikawa vilevile. Tukaipeleka steshenari, kompyuta ikasema diski ni tupu.

Baba akamwita yule bwana. Akaapa kwamba aliiangalia kabla ya kuileta na ilisoma vizuri. Baba, ambaye alikuwa mtu wa hesabu, akamkata shilingi elfu hamsini katika malipo ya mwisho, na habari ikaishia hapo. Haikuisha kwa kweli. Kwa miaka mingi yule mpiga picha alikuwa mfano wa nyumbani kwetu. Mtu akileta sababu isiyoeleweka, Mama alikuwa akisema, "Haya, na wewe ilisoma kwako."

Baba alifariki mwaka 2016. Picha zake tunazo tele. Sauti yake hatukuwa nayo, hata ya sekunde kumi. Na Mama, ambaye siku ya sendofu alikuwa ameingia ndani kubadilisha kitenge cha kutolea zawadi, hakuwahi kuisikia hotuba yenyewe. Alisimuliwa tu kwamba mzee alizungumza, na watu walicheka.

Mwaka jana mdogo wangu wa kiume aliamua kumfurahisha. Alikuwa amerekodi ibada ya kumbukumbu ya Baba kwa simu, akaichoma kwenye diski, akasafiri nayo hadi Korogwe. Deki ya Mama, iliyonunuliwa Tanga mjini mwaka 2006 na kufunikwa kitambaa cha kufuma tangu siku hiyo, ikaandika NO DISC. Mama akanipigia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba baba. Hii deki yangu imezeeka, au nyie watoto mnaniletea vitu vitupu?"

Nilikuwa na siku nne za likizo, nikaenda.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuweka dividii ya kwaya ambayo Mama alinunua halisi, ya kiwandani. Ikasoma mwanzo hadi mwisho. Hili ni jaribio dogo ambalo watu huliruka, wakakimbilia kununua deki mpya au kumlipa fundi afute lenzi. Diski ya kiwandani imegongwa kwa ukungu, vishimo vyake ni vya kweli na inarudisha mwanga vizuri. Diski ya kuchoma nyumbani haina vishimo. Ina tabaka la rangi, na mwanga wa leza ndio uliochora alama humo, kwa hiyo mara nyingi ni ngumu zaidi kuisoma. Zile zinazofutika na kuandikwa upya, zenye herufi RW, ni mbaya zaidi: hurudisha robo hivi ya mwanga, wakati ya kiwandani huweza kurudisha nusu au zaidi ya hapo. Lenzi iliyochoka itasoma kwaya siku nzima na kuikataa RW yako kila mara. Deki ya Mama ilikuwa nzima, na diski ya mdogo wangu haikuwa RW. Basi tatizo lilikuwa kwenye maandishi.

Diski ile niliiweka kwenye laptopu. Ndani kulikuwa na faili moja la MP4, limekaa peke yake. Hapo hakuna cha kutafuta. Laptopu inafungua karibu kila kitu kwa sababu programu zake zinajifunza aina mpya kila zinaposasishwa. Deki haisasishwi. Ile ya Mama inaijua video iliyobanwa kwa MPEG-2, tena ikiwa imepangwa kwa utaratibu mmoja tu: folda inayoitwa VIDEO_TS, ndani yake mafaili ya VOB yenye picha na sauti, mafaili ya IFO yanayoiambia deki kipi kianze na kipi kifuate, na nakala zao za akiba, BUP. Simu zetu hurekodi kwa mfumo mwingine kabisa. Kumpelekea deki ile MP4 ni kumpa mzee wa Kiarabu barua nzuri ya Kichina, halafu kusema mzee hajui kusoma. Na kubadilisha jina la faili kutoka MP4 kuwa VOB, ambako mdogo wangu alikuwa amekujaribu pia, ni kubadilisha bahasha.

Dawa yake haina ajabu. Kuna programu za bure, mimi hutumia DVDStyler, ambazo huchukua video ya simu, zikaigeuza kuwa MPEG-2 ya mistari 576 na picha 25 kwa sekunde, ndiyo PAL, mfumo wa televisheni zetu, zikatengeneza ile folda, na kuichoma kama dividii ya video na siyo kama ghala la mafaili. Jioni ile Mama alitazama ibada. Alikosoa mpangilio wa viti.

Ningerudi Dar kesho yake kama asingefungua kabati. Mtu akitengeneza kitu kimoja nyumbani kwa mama, ajue ameanzisha kliniki. Akatoa bahasha ya kaki yenye diski za familia nzima.

Nyingine zilikuwa rahisi. Mama mdogo anayeishi Marekani alituma dividii ya ubatizo wa mjukuu wake. Ilisoma, ila picha ilikuwa nyeusi na nyeupe na ilikuwa ikipanda juu kama pazia. Kule mistari ni 480 na picha karibu 30 kwa sekunde, na televisheni kuukuu ya Mama haikuuelewa mfumo huo. Nikaingia kwenye mipangilio ya deki kwa rimoti, pale kwenye aina ya televisheni, nikachagua PAL, na mtoto akapata rangi. Watu wengi husema hilo ni suala la kufuli za kanda za dunia, zile namba za maeneo. Hapana, diski ya kuchomwa nyumbani kwa kawaida haina kufuli hiyo.

Nyingine zilikuwa za huzuni. Mazishi ya Bibi, mwaka 2004, yalikuwa kwenye VCD mbili, yaani sidii za kawaida zenye video ya MPEG-1, ubora wa mkanda wa zamani. Juu yake mtu mwenye nia njema aliandika kwa kalamu ya wino wa kawaida, akikandamiza: MAZISHI YA BIBI 1. Sisi hulinda upande wa chini unaong'aa, tukadhani upande wa juu ni mgongo tu. Kwenye dividii kweli tabaka la taarifa liko katikati, kati ya plastiki mbili. Kwenye sidii liko juu kabisa, chini ya rangi nyembamba na jina uliloandika. Ncha ya kalamu ilikuwa imepita juu ya Bibi herufi kwa herufi. Nilizifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka na siyo kwa kuzungusha, nikaziachia programu ya kuokoa, ambayo husoma kwanza panaposomeka kisha ikarudia penye majeraha. Ilifanya kazi usiku kucha. Tulipata dakika 21.

Chini kabisa ya bahasha lilikuwepo kasha la sendofu.

Niliitoa diski ya pili na kwenda nayo barazani, kwenye jua. Nataka msomaji ajaribu hili leo hii kama ana diski yoyote aliyoambiwa ni tupu, kwa sababu haligharimu chochote. Dividii za aina ya R, upande wa chini, zina rangi ya zambarau. Leza inapochoma hubadilisha rangi ile. Ukiiinamisha diski taratibu mwanga ukateleza juu yake, sehemu iliyochomwa huonekana kama duara la rangi tofauti kidogo kuanzia katikati, na mahali maandishi yalipoishia utaona ukingo kama mstari wa maji kupwa. Diski tupu ni rangi moja mwanzo hadi mwisho. Hii ya Baba ilikuwa na duara. Lilitoka katikati na kufika karibu robo tatu ya njia.

Nilikaa nayo pale muda. Mashine zote, deki yetu, ya jirani, kompyuta ya steshenari, zilikuwa zimesema hakuna kitu, na macho matupu yalikuwa yanaona kitu.

Maelezo yake ni haya. Diski ya kuchoma haikamiliki kwa kuandikwa tu, lazima ifungwe. Rekoda za dividii za wakati ule, zile mashine za mezani zilizohamisha picha kutoka kwenye kanda ya kamera kwenda kwenye diski, zilikuwa na amri hiyo kwenye menyu, "Finalize", na ilichukua dakika kadhaa baada ya kurekodi. Wakati wa kufunga, mashine huandika utangulizi katika pete ya ndani kabisa, pale ambapo deki yoyote ngeni hutazama kwanza: hii ni diski gani, inaanzia wapi, inaishia wapi. Utangulizi usipokuwepo, deki haiendi mbele kutafuta. Inaona pete tupu, inasema NO DISC. Mashine inayoweza kwa uhakika kuisoma diski isiyofungwa ni ile iliyoirekodi, kwa sababu inajua kazi yake iliyoachia katikati.

Soma tena sentensi hiyo ukimkumbuka yule mpiga picha. Alisema kwake ilisoma.

Kuiokoa hakukuwa kugumu kama nilivyoogopa, ila kulitaka subira. Laptopu yangu ilikataa. Diskidraivu hazifanani, na diski isiyo na utangulizi huonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko kitu chochote. Niliazima ya mwalimu mmoja jirani, kompyuta ya mezani nzito kama jiwe la kusagia, na yenyewe ikakubali kuizungusha. Programu ya IsoBuster haisubiri utangulizi, inaingia moja kwa moja na kutafuta vipande vya video vilivyo ndani. Vikajitokeza: dakika 52 za MPEG-2. Picha ilikuwa tayari katika lugha ya deki tangu mwaka 2009. Haikuhitaji kugeuzwa, ilihitaji kupangwa na kufungwa tu.

Hapo nikawa mwangalifu kupita kiasi, na simshauri mtu awe vinginevyo. Nilichagua diski ya DVD-R na kuiacha DVD+R, kwa sababu mfumo wa R yenye kistari ulitangulia kwa miaka kadhaa na baadhi ya deki kongwe huzikataa zile za alama ya kujumlisha. Nilichoma kwa kasi ndogo, mara nne. Kasi kubwa huharibu hasa ukingoni, ndiyo maana filamu nyingi za kuchoma hukwamakwama zikikaribia kuisha, pale ambapo jambazi anataka kukamatwa. Sikubandika karatasi ya jina, kwani karatasi huyumbisha diski ikizunguka na gundi yake haina urafiki na plastiki kadiri miaka inavyokwenda. Niliandika pembeni, kwenye pete ya plastiki katikati, kwa kalamu laini ya wino usiofutika. Na nilihakikisha imefungwa. Kama ningekuwa natengeneza video mpya ningezingatia pia uzito wake kwa sekunde: deki huishiwa pumzi ukikaribia megabiti 10, na diski ya kawaida yenye saa mbili hutosha kwa megabiti 5 hivi. Lakini hii ilikuwa nyepesi, sikuigusa.

Deki ya Mama ikaizungusha, ikakohoa kama kawaida yake, ikasoma.

Sitaieleza hotuba nzima, ni ya dada. Baba alipokea maiki, akaipuliza mara mbili, akasema haloo. Akasema amepewa dakika tano na atatumia mbili. Alitumia kumi na moja. Aliwaambia wakwe kwamba binti anajua kupika ila hajui kusema uongo, kwa hiyo chakula kikiwa kibaya atawaambia mwenyewe. Watu wakacheka kweli. Halafu akamshukuru mke wake, na hakumwita Mama fulani kama alivyomwita maisha yote mbele zetu. Alimtaja kwa jina lake la usichana, akalirudia, akageuka kumtafuta kwenye viti. Kamera nayo ikageuka. Kiti kilikuwa kitupu, mkoba uko juu yake.

Mama aliomba nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akachukua rimoti akarudisha mwenyewe. Baada ya mara ya tatu nilitoka nje, kwa sababu halikuwa jambo langu.

Asubuhi yake akanipa bahasha. "Mtafute yule bwana," akasema. "Baba yako angekuwa hai angekwenda mwenyewe." Ndani kulikuwa na shilingi elfu hamsini. Nilimwambia elfu hamsini ya 2009 si ya leo. Akafikiri, akaongeza elfu hamsini nyingine, akasema hesabu nyingine atazimaliza Mungu.

Haikuwa kazi kumpata, Korogwe si kubwa. Video aliiacha zamani. Sasa ana kibanda cha kutuma na kutoa fedha karibu na stendi, mvi zimeingia, miwani shingoni. Nilimsalimia, nikajitambulisha kwa jina la Baba, na nikaona uso ukijifunga. Nikamweleza habari ya duara, ya utangulizi, ya diski isiyofungwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, huku akimhudumia mteja mmoja.

"Umeme," akasema.

Alikumbuka. Alikuwa akihamisha usiku kutoka kwenye kanda. Diski ya kwanza aliifunga vizuri, ya pili iliisha kurekodi na umeme ukakatika kabla hajaifunga. Uliporudi asubuhi Baba alikuwa keshafika na baiskeli, dada anasafiri siku hiyo, kila mtu ana haraka. Akaiweka kwenye rekoda yake, akaiangalia dakika mbili, ikasoma, akaitia kwenye kasha. Wateja wengine wawili mwaka ule walimletea malalamiko ya namna hiyohiyo, akadhani ni diski mbovu kutoka kwa muuzaji. Aliyemkata fedha ni mmoja tu.

Bahasha aliipokea kwa mikono miwili na hakuihesabu mbele yangu. Aliniuliza kama picha zilitoka safi, nikasema safi. Akauliza kuhusu sauti, maana siku ile maiki ya MC ilikuwa inakoroma na yeye alichukua sauti ya kamera badala yake. Nikamwambia kila neno linasikika.

"Na pale mzee alipogeuka," akasema, "niligeuka naye?"